Kwa Bwana Verl, Aliyeniuzia Gari

Bwana Verl,
ulisema gari hili linajua njia mbili tu:
ya kanisani,
na ya kwa daktari wa marehemu mkeo.
Ulisema hivyo umeegemea bampa,
kofia mkononi, macho yakihesabu kuku,
nami nikakuamini,
nikakuhesabia dola elfu mbili na mia nane
juu ya boneti iliyokuwa bado na joto.

Sijalibadilisha kitu. Hela ya kubadilisha sina.
Springi ni zile zile za kiwandani,
redio ile ile, inashika stesheni moja
ya mahubiri na bei ya ng'ombe.
Matairi tu ndiyo mapya, ya mkopo,
na kamba ya kuvutia, niliyopewa na shemeji
pamoja na kicheko.

Jumamosi nikamchukua Jorie, mtoto wa dada,
miaka kumi na minne, mdomo cherehani.
Tukatoka Ferron gizagiza.
Lami ikaisha bila kuaga.
Nikashuka, nikapunguza upepo,
gurudumu baada ya gurudumu likishusha pumzi
kama mimi ninapovua viatu
baada ya zamu ya usiku jikoni hospitali.

Gia ndogo ikakataa kuingia.
Nikaisukuma, nikaibembeleza, nikaitukana kwa adabu.
Jorie akafungua kitabu cha mwongozo, akasoma kwa sauti:
simamisha gari kabisa.
Kabisa, shangazi.
Nikasimama. Ikaingia, ko!
Nikawakumbuka watu wawili watatu
niliowasukuma huku bado natembea.

Kwenye korongo la mchanga usukani ukawa uji,
mkia wa gari ukaenda kushoto, moyo wangu kulia.
Kuteleza si kuanguka:
aliyesema hivyo alikuwa kwa miguu,
hakuwa na tani mbili za chuma mgongoni
na mtoto wa mtu pembeni anayepiga makofi.

Halafu zile ngazi za mawe.
Jorie alishuka akaniongoza kwa mikono,
kushoto, kushoto kidogo, njoo, njoo,
kama anamwita mbuzi mwenye wasiwasi.
Ya kwanza tuliipanda.
Ya pili ikatugonga tumboni.
Sauti ile, Bwana Verl,
niliisikia kwenye meno.

Nikazima injini.
Kimya cha jangwa kikaja kikakaa kitini.
Nikaingia chini kwa mgongo, tochi mdomoni:
bamba la kinga limebonyea, mafuta hayavuji.
Nikamshukuru Mungu na mafundi wa Japani,
na nilipotoka, nikijishika ukuta wa mwamba,
nikaona kijani.

Hapo hapaoti hata jani.
Kilikuwa kijani cha rangi, kimepigwa mstari
mrefu kama mkono, usawa wa kitasa.
Nikautazama mwamba. Nikautazama mlango wa kulia,
pale penye kibonyeo
ulichosema ni cha toroli la dukani.

Toroli, Bwana Verl!

Nilicheka mpaka Jorie akadhani nimegonga kichwa.
Tukarudi kinyumenyume, shubiri kwa shubiri,
tukaliacha gari kwenye kivuli chembamba cha mwerezi,
tukamalizia mlima kwa miguu
na mkate na jibini iliyoyeyuka.
Kutoka ukingoni bonde lote lilionekana,
jekundu, kubwa, halina haja nasi.
Jorie akalitazama dakika nzima bila neno.
Dakika nzima. Niliipima.

Sikukasirika. Dola zako zikae zilipo.
Alama sasa ziko mbili pale:
yako ukutani, imeanza kupauka,
yangu sakafuni, bado inang'aa.
Jumamosi ijayo kiti cha mbele kitakuwa wazi,
Jorie amekubali kukaa nyuma, kwa masharti.
Sitakuuliza kama mkeo alijua,
wala kama naye alikuwemo, ameshika dari kwa mikono miwili.
Nataka kujua kitu kimoja:
ile ngazi ya pili,
ulipandia upande gani?