Kubwa

"Kubwa," alisema Mama Aikande,
nami nikachora kubwa:
vyumba saba, ngazi, sebule yenye mwangwi.
Akaitazama ramani kama barua ya benki.
"Ndiyo," akasema.
Ndiyo ya adabu.

Mara ya tatu niliacha rula ofisini Moshi,
nikapanda Kibosho, nikaketi jikoni kwake.
Jana ulilala wapi, mama?
"Hapahapa, nimsikie ng'ombe akikohoa."
Na kubwa?
Akahesabu kwa vidole vyenye unga:
Desemba, watoto sita, wajukuu,
magodoro hadi mlangoni.
"Januari, mimi na ng'ombe."

Mvua ikapiga bati.
Nikatandika ramani, nikampa penseli.
Kwanza akafuta ngazi zangu
kwa kidole gumba,
kisha akachora mlango,
mpana,
upande wa zizi.