Kopo Moja la Rangi

Tangazo walilibandika usiku, kwa selotepu,
mlango wa ofisi ya klabu, nyuma ya soko la Majengo.
Kulipokucha upepo wa Dodoma ulishakula kona moja,
kwa hiyo tulisoma hivi:
Mwenyekiti, nje.
Mtendaji mkuu, nje.
Mkurugenzi wa usajili, nje.
Jina la nne liliishia kwenye «Nye»,
lililobaki likaenda na vumbi.

Mimi ni mchora mabango.
Wiki jana walikuja vijana wa Chang'ombe
na elfu kumi na tano ya kuchangishana, sarafu tupu:
«Andika ONDOKENI. Herufi nene,
zionekane hadi jukwaa kuu.»
Nikaandika.
Halijakauka, akaingia Hezroni Chibago na wenzake wa Area C,
suruali zimenyooshwa, noti nzima:
«Andika MSITUVURUGIE TIMU. Rangi ni ile ile?»
Ni ile ile, bwana. Kopo moja, brashi moja,
zambarau ya zabibu,
maana ndiyo rangi yetu hata tukitukanana.

Leo kwa Perusi muuza chai viti havitoshi.
Masinjila anapiga meza, vikombe vinaruka:
«Tumefungwa mara saba mfululizo!
Hata mbuzi akifungwa hivyo hukata kamba.»
Mwalimu Sekela, wa hesabu, anachovya andazi polepole:
«Mmebadilisha sufuria.
Maharage ni yale yale ya jana.»
Mmoja kasikia kwamba mtendaji mpya ana digrii mbili.
Mwingine anauliza digrii ipi inapiga kona.
Mbeleje wa bodaboda hana upande,
anataka kujua tu kama kadi yake ya uanachama,
aliyoilipia mwezi jana kwa pesa ya tairi,
bado ni kadi.

Na Ndahani, maskini.
Mwanawe wa mwaka jana alimpa jina la mwenyekiti,
enzi zile tulipopanda daraja
tukalala barabarani hadi alfajiri.
Tangu asubuhi anamwita «wewe mtoto».

Lile «Nye» wakalibishania hadi chai ikapoa.
Nyerembo, mhasibu? Huyo alishahamia Singida.
Nyenza, msemaji? Kaongea redioni leo hii hii,
katumia neno «mchakato» mara kumi na moja,
Sekela alihesabu.
Basi wakaliacha. Jina nusu halina mshabiki.

Jioni nafunga kibanda, kivuli kikasimama mlangoni.
Nyemo.
Miaka ishirini na miwili mtunza stoo,
aliyefua jezi zetu kwa maji ya kisima yenye chumvi
na kuziokoa rangi kwa ndimu, kwa mfuko wake.
Viganja vyake vya zambarau kuliko bendera.
Mkononi kipande cha ubao,
kiunoni bado funguo:
ya stoo, ya nyavu, ya kabati la vibendera vya kona.

«Hawajaniomba,» alisema, alipoona naziangalia.
«Barua inasema asante. Funguo haikuzitaja.»

Sikujua la kujibu.
Mabango mawili yalikuwa yamelala nyuma yangu,
ONDOKENI juu ya MSITUVURUGIE,
wenyewe wote wawili wamedai niyatunze, huenda yakafaa tena.
Nikayaviringisha haraka, kama mtu aliyefumaniwa.

«Uandike nini?»
«NYEMO. NAFUA NGUO. MLANGO WA TATU.»

Nikatikisa kopo. Rangi ilibaki kidogo, chini kabisa,
nzito kama uji wa mgonjwa.
Nikachovya brashi, nikaanza N kwa ukubwa ule
ambao mkono wangu ulishauzoea wiki nzima.

Akanishika kifundo.
«Ndogo,» akasema. «Iwe ndogo, mwanangu.
Sihitaji ionekane hadi jukwaa kuu.»