Daftari la Mwanvita

Daftari lako, Mwanvita, lina jalada la twiga
aliyefutika shingo kwa jasho la kwapa.
Leo nimelibeba mimi, maana goti lako limegoma
na daktari wa Mwananyamala amesema
wiki sita usikanyage ngazi.

Nimefungua ukurasa wa mwezi huu.
Umepiga mistari kwa rula ya mjukuu:
Sinza, Mwenge, Mikocheni, Namanga.
Chini yake bei zimepanga foleni,
sukari, sembe, mchele, mafuta ya alizeti,
na pembeni, kwa herufi za sisimizi, maneno yako:
"Mizani ya huyu inaonea."
"Pakiti imekonda, bei haijakonda."
"Ofa ya mbili kwa moja. Tazama tarehe."
"Hapa kuna feni. Pumzika."

Nilikuwa nakucheka, unakumbuka.
Miaka thelathini na moja nimehesabu fedha za watu
dirishani, bandarini, kwa kalamu ya serikali,
nikaona mia mbili ni kitu cha kuachwa kaunta
kama punje ya wali kwenye sahani ya mgeni.

Basi nimeanzia Sinza. Sukari elfu tatu na mia mbili.
Nikaandika. Mwenge, elfu tatu kamili.
Nikaandika, nikajiona mjanja.
Mikocheni mlango ukafunguka wenyewe kama unanijua,
baridi ikanipenya hadi kwenye fizi,
na mlinzi, kijana mmoja Lusajo, akaniandama
toka rafu ya chumvi hadi rafu ya dawa za mbu.
"Mzee, unaandikia duka gani?"
Nikamwambia, la nyumbani.
Akalichukua daftari, akapekua, akasita.
"Si la yule mama wa miwani ya kamba?
Yuko wapi? Ndiye aliyenifundisha
kwamba maziwa mapya yanafichwa nyuma."

Nimekaa chini ya feni yako
nikapiga hesabu kama nilivyozoea, mara mbili:
nimeokoa elfu moja na mia tano,
nauli imekula elfu moja na mia nane.
Faida yangu ni hasara ya mia tatu, na kiu.

Hapo ndipo nikaiona safu ya mwisho,
niliyodhani ni bidhaa nisiyoifahamu.
"Mguu," umeandika. Mguu, mguu.
Sinza hadi Mwenge, mguu. Mwenge hadi Mikocheni, mguu.
Namanga na kurudi, jua la Januari,
mguu.

Na ile nauli niliyokuachia juu ya friji
kila Jumamosi, nikijihesabu mume?
Ukurasa wa nyuma kabisa, kwa penseli:
"Zubeda, mtihani." "Zubeda, viatu."
"Zubeda, mtihani tena."
"Shati la Mshamu, la kuagwa kazini."
Mimi nikidhani lile shati walichanga wenzangu wa ofisini.
Niliwashukuru mmoja mmoja. Wakanitazama tu.

Daktari alikuuliza mbele yangu, "Mama, unatembea sana?"
Ukasema, "Kawaida," ukaomba maji.

Sikununua kitu pale penye feni.
Nimerudi Mwenge kwa miguu, soksi zimelowa,
nikakuta kibao kimegeuzwa: elfu tatu na mia moja.
"Imepanda saa sita, baba," akasema Tumpe wa kaunta.
Nikabisha. Ndiyo, mimi.
Nikafungua daftari, nikamwonyesha mwandiko wangu wa asubuhi,
nikabishania mia moja hadi foleni ikaguna
na mtoto wa mtu akaanza kulia.
Sikushinda. Lakini alinipa mfuko bure.

Bei mpya nimeiandika chini ya zako.
Herufi zangu kubwa, zimevuka mstari,
utazifuta ukipona.
Sasa nipo Bamaga, kilo mbili begani,
nimesimama kidogo tu, sijachoka.
Ukisikia geti, Mwanvita,
usiniulize nimepanda nini.