Kona Isiyo na Pembe

Kona haikukatwa, imekunjwa
kama pindo la shuka lililopigwa pasi.
Madirisha yameizunguka kwa mkanda mmoja
kutoka barabara ya posta hadi kwenye harufu ya chumvi.

Msanifu, nasikia, alichukia pembe.
Hata ngazi aliisokota mithili ya konokono,
na reli yake ya shaba imelika mahali pamoja tu:
ghorofa ya tatu, dirisha la pensheni,
wanaposhusha pumzi wenye magoti mabovu.

Funguo anazo Bi Zdzisława.
Chumba cha mwisho kinavuja tangu Novemba.
Fremu ni chuma, chuma ni urithi,
na urithi hauguswi bila barua ya mkaguzi.
Barua haijaja.

Basi jioni hukunja gazeti, akaziba ufa.
Baltiki hulisoma usiku kucha,
ikamrudishia asubuhi, limelowa,
herufi zimehama.

“Jengo zuri!” wageni humwambia,
kamera zimeelekezwa juu.
“Zuri, naam.
Ninyi hamkai upande wa upepo.”

Kisha huchukua kitambaa, akapanda,
akaisugua shaba palepale ilipolika,
ing’ae,
ipungue.