Tuta la Chokaa

Fomu niliyopewa wizarani ina safu nne:
lori, gari ndogo, honda, baskeli.
Nimekaa kona ya Chwale tangu alfajiri,
kila kipitacho nakichorea kijiti,
vijiti vinne, cha tano nakilaza juu yao,
kama mtu anayeandika deni la dukani.

Hakuna safu ya mtoto aliyerudi mbio
kuokota kiatu katikati ya lami.
Hakuna safu ya majamvi ya karafuu
yaliyotandwa ukingoni, yakila jua na robo ya njia,
wala ya Bi Mize Makame, ndoo kichwani,
anayesimama, akatega sikio kwanza.
Kona hii, anasema, huonwa kwa masikio.

"Kwenye ramani yako tuta liko wapi?"
Namwonesha: hapa, mlango wa skuli.
Anacheka hata maji yanammwagikia begani.
"Mlango huo una kufuli tangu mwaka juzi.
Watoto hutokea uani, penye bomba.
Hesabu hatua, nakungoja."
Nikahesabu. Mia moja na arubaini na tatu.

Jioni, barazani kwa sheha, niliwaambia kweli:
maombi saba, fedha ya tuta moja.
Hapo kila mtu akawa mhandisi.
Mwenye duka alilitaka mbele ya mikate yake.
Wa msikitini, msikitini.
Madereva hawakulitaka popote;
springi, walisema, hazinunuliwi kwa dua.
Mmoja akaropoka: ajali ni kudra.
"Kudra," akajibu Bi Mize,
"haina mguu wa kukanyaga mafuta."

Mbwana Shaame alikaa karibu na mlango.
Sote tulijua pahala atakapopataja,
pale penye mkarafuu uliochubuka gome,
na hapana ambaye angempinga.
Alisema: "Wekeni bombani.
Wangu ameshavuka."
Kisha akaomba radhi, ana ng'ombe hajamfunga.

Kwenye safu ya maoni kalamu iligoma.
Niliandika: bombani, hatua 143.

Fedha, wamesema, labda baada ya masika.
Basi leo tumekoroga chokaa kwenye ndoo ya Bi Mize,
tukapiga mstari mnene, ukingo hadi ukingo,
tuta la rangi tu, lisilo kimo.
Lori la mchanga likaja na kishindo chake,
likauona, likafunga breki,
likavuka polepole, kama linalopanda kitu.
Watoto wakapiga makofi.
Dereva akatoa kichwa dirishani
akatutukana mpaka akaishiwa.

Sasa usiku. Mvua inapiga bati.
Nimelala macho, naisikia ikiufuta.
Chini ya kitanda umebaki mfuko mmoja wa chokaa,
na umefunguka mdomo.