Darasa la Ubatizo, Kasese

Jumamosi iliyopita katekista Thembo
aliandika ubaoni: NEEMA.
Chaki ikakatika kwenye M.
"Nani ataeleza?"

Nikanyamaza. Nilikumbuka daftari la Masereka,
sukari, sabuni, mafuta ya taa,
jina langu likishuka ukurasa mzima
tangu Nyamwamba ilipobeba kahawa yangu.
Asubuhi moja akauchana ukurasa ule,
akawashia sigiri.
"Nenda, Kabugho. Mkaa ulikuwa umegoma."

Hiyo naielewa.

Ila leo ameandika neno jingine, UPATANISHO,
refu, limegota ukingoni mwa ubao,
nami nimeinamisha kichwa:
mwaka wa pili huu
naenda sokoni kwa njia ya nyuma,
nisije nikapita dukani kwake
nikasalimiwa.