Namba Tasa

Baba, wamenipa dakika tano nikusemee kanisani,
nami naanza na mkoba wako wa ngozi,
ule uliofunguliwa usiku wa matanga
kutafuta hati ya shamba.
Hati haikuwemo.
Zilikuwemo stakabadhi za korosho, msimu juu ya msimu,
na mgongoni mwa kila moja hesabu zako za penseli
zimejipanga kama siafu wanaohama.
Mjomba Chilumba akageuza karatasi kwenye koroboi:
"Hapa anadaiwa nani?"
Hadaiwi mtu, Mjomba. Hiyo ni nadharia.

Walimu wenzako wamefika Newala kwa basi la usiku,
vumbi hadi kwenye nyusi.
Wanasema katika vitabu vya watu wa mbali
upo uthibitisho unaoitwa wa Namtanga.
Majirani wakatazamana.
Namtanga wao ni yule aliyesimama kando ya mizani ya chama cha msingi,
mikono nyuma, anausoma mshale,
kisha kwa sauti ya kuulizia chumvi:
"Karani, gunia la Bi Anjelina limepungua kilo tatu na robo
toka kichwani kwake mpaka hapa.
Zimeangukia wapi?"
Karani akapima upya.

Mimi nilikuelewa jikoni.
Nilikuwa darasa la sita, nimerudi nalia:
shangazi kasema Mama ni tasa,
na sisi watano ni watoto wa kuokota.
Hukumlaani dada yako.
Ulichukua mkaa, ukaandika ukutani
mbili, tatu, tano, saba, kumi na moja.
"Hizi nazo wameziita tasa," ukasema,
"kwa sababu hazikubali kugawanywa.
Sasa niletee namba yoyote ya hapa Newala,
ya miche, ya ndoo, ya siku alizofunga bibi yako.
Tuibomoe mpaka msingi.
Chini kabisa utazikuta hizi, hizi tu.
Namba zote zilizobaki ni watoto wao."
Mama alikuwa anasonga ugali.
Mwiko ukasimama.
Kisha ukaendelea.
Ukuta ule hajaupaka chokaa hadi leo.

Watano na wawili, saba.
Ulipenda tuwe saba.
Usiku ulituhesabu kwa kugusa nyayo zilizochungulia nje ya shuka,
na usingizini nilijua ni wewe kwa vile vidole vya chaki.
Miaka ile maji yalipopandishwa kutoka bondeni
na ndoo ikauzwa kama dawa,
ulioga wa mwisho, kikombe kimoja na nusu.
"Kila mgawanyo una baki lake," ukasema. "Baki ni mimi."

Nilitaka kukutungia shairi lenye adabu, la vina:

*Baba ulipima vyote, korosho zi guniani,*
*Hukumpunja yeyote, si sokoni si nyumbani,*
*Leo tumefika sote, wewe huonekani*

Mstari wa tatu umepungua mizani moja.
Najua. Nimehesabu kwa vidole mara nne.
Ningechomeka "tu" pale kati, ukatimia,
na padri asingegundua.
Wewe ungegundua.
Nimeuacha na pengo lake.

Sasa tumebaki sita.
Sita, ulinifundisha, huvunjika kwa mbili na kwa tatu,
na hata udongo haujakauka juu yako
wawili wetu wanataka mikorosho iuzwe,
watatu hatutaki.
Mama hasemi upande.
Asubuhi ya leo nimemwona mbele ya debe la unga wa muhogo,
anapima kwa kikombe chenu cha bati,
midomo inacheza:
nne, tano, sita.
Akatulia.
Akachota cha saba,
akakisawazisha kwa kiganja,
akafunika debe.